Majamaa Waliopima Kibodi kwa Milimita, Kazi Yao Ikaja Kurukwa

Icheki kibodi ya laptop yako vizuri. A haijakaa chini ya Q moja kwa moja, imesogea kulia kidogo. Z ndo imesogea zaidi. Huo mpishano ni urithi wa taipureta za Marekani za miaka ya 1870. Kila batani ilikuwa na mkono wake wa chuma unaopita chini kwenda nyuma, so batani zikapangwa kwa kupishana ili mikono ipate njia. Mikono ilishaondoka zamani, mpishano umebaki.

Sasa kuna majamaa waliouandika mpishano huo kwenye programu. Kompyuta haijui kibodi yako ina sura gani, inapokea tu namba ya batani uliyobonyeza. Miaka ya 1990 mhandisi mmoja wa Silicon Graphics na wenzake wakasema hapana, ijue. Wakatengeneza XKB, sehemu ya mfumo wa X inayoshughulika na kibodi, ikatoka na X11R6.1 mwaka 1996.

Humo ndani kuna fanksheni za kuchora kibodi nzima. XkbAllocGeometry inatenga nafasi ya mchoro. XkbAddGeomShape inaongeza umbo, XkbAddGeomSection kundi la batani, XkbAddGeomRow mstari, XkbAddGeomKey batani yenyewe. Vipimo ni sehemu ya kumi ya milimita, aisee! Hata nyuzi za kuinamia zimo, maana kuna kibodi zilizokunjwa katikati. Taa ya Caps Lock na nembo ya kampuni je? Hivyo vikaitwa "doodad", yaani kidude tu, tena kwenye nyaraka rasmi kabisa.

Kwenye mchoro wa kibodi ya PC, batani ya kawaida ina milimita 18 kwa 18. Tab ina upana wa 28, Caps Lock 33. Hizo milimita 5 ndo zinazoisukuma A pembeni ya Q.

Shida ni moja: kibodi iliandika fresh tu hata bila mchoro. Mchoro ulifaa kuonyesha picha ya kibodi kwenye skrini au kuichapa kwenye karatasi kwa xkbprint, basi. Ilipokuja libxkbcommon, inayotumika na Wayland kwenye Linux za siku hizi, ikikutana na sehemu ya geometry inaipita tu kama haijaiona. Inauma kidogo, ukifikiria mtu alikaa na rula akapima mpaka kona za batani.