"Vijana wa siku hizi hawadumu kazini": uzi wa historia kutoka Kajiado

UZI. Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aseme vijana wa siku hizi hawataki kazi. Mwingine anajibu kwamba wazee wamekatalia viti. Pande zote zinapigiwa makofi na watu wanaenda nyumbani. Mimi naishi Kitengela, nina miaka 47, kwa hivyo Gen Z wananiita mzee na wazee wananiita kijana. Kaa hapa kidogo tuangalie hii lawama imetoka wapi. Kajiado hii ina zaidi ya miaka mia.

Tuanze na morani. Baada ya mikataba ya 1904 na 1911, Wamaasai walikuwa wamehamishwa na kubanwa kwenye rizavu ya kusini, ambayo leo ndiyo Kajiado na Narok. Serikali ya kikoloni ikawatazama morani, ikaona wanaume wenye nguvu ambao hawalimi shamba la mzungu wala hawabebi mawe ya barabara. Ikasema ni wavivu. Sasa morani walikuwa na kazi: kulinda boma, kupeleka mifugo mbali wakati wa kiangazi, kufuata ng'ombe waliopotea. Shida ni kwamba haikuwa kazi ya yule aliyeshika daftari.

Na lile neno "mvivu" halikuwa matusi ya bure, lilikuwa na matumizi. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kipande, na vita vilipoisha ikaanza kutekelezwa. Mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi ya alama za vidole, akaivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri anaandika humo mshahara wako na tarehe uliyoachishwa. Ukitoka kabla hajatia sahihi, polisi wanakutafuta. Soma tena hapo. Kutodumu kazini lilikuwa kosa la kufungwa jela. Leo ni kosa la kusemwa tu, angalau kuna maendeleo.

Morani hawakunyamaza. Mwaka 1918 serikali ilipotaka kuwaingiza vijana jeshini kwa nguvu, damu ilimwagika Ololulunga, Narok. Mwaka 1935 zikazuka fujo nyingine huko huko, safari hii kwa sababu ya kazi ya barabara. Katikati ya hayo, serikali ilijaribu kufupisha umorani, ikapiga vita manyatta zao na mikuki. Maneno yalikuwa ya "tabia ya vijana". Jambo lenyewe lilikuwa nani afanye kazi gani, na kwa bei gani.

Tuje baada ya Uhuru, maana kuna watu wanadhani lawama iliondoka na mkoloni. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana: serikali iongeze wafanyakazi asilimia 15, waajiri binafsi asilimia 10, na vyama visigome wala kudai nyongeza kwa muda. Watu wakapanga foleni. Nafasi hazikutosha. Shule zilikuwa zinatoa vijana wengi kuliko ofisi, hadi 1966 ukafanyika mkutano mkubwa Kericho kuhusu elimu na ajira. Malalamiko ya siku hizo unayajua hata kama hukuwepo: vijana wamesoma kidogo wanadharau jembe, wanataka kiti na kalamu. Aliyekuwa na miaka 18 wakati huo sasa anakaribia 80. Ndiye babu anayekwambia kwamba wakati wao vijana walikuwa na adabu ya kazi.

Sasa nyumbani kabisa. Sheria ya EPZ ilipita 1990, viwanda vikasimama Athi River, na Kitengela ikaanza kujaa watu. Ardhi iliyokuwa ya malisho ya Wakaputiei ikakatwa ploti, zikamea nyumba za kupanga. Mwaka 2000 Marekani ilipofungua soko lake kupitia AGOA, viwanda vya nguo vikachukua maelfu ya wafanyakazi, wengi wao mabinti. Januari 2003 wakagoma. Mshahara, masaa, jinsi wanavyosemeshwa. Wengine wakasema hawa watoto hawana shukrani, wamepewa kazi na bado wanalalamika. Binti aliyekuwa na miaka 20 siku ile amepita 40. Nawajua wachache, ni majirani. Wana maduka, wana wafanyakazi, na jameni, wanavyowalalamikia Gen Z!

Upande wa serikali nao ulikuwa unajifunga. Mwaka 1998 uajiri wa walimu ulisimamishwa, uliyehitimu ukawa unangoja nafasi ya anayestaafu au anayefariki. Halafu 2009 umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ukapandishwa kutoka 55 hadi 60. Sisemi ulikuwa uamuzi wa kishetani. Mtu wa 55 bado ana nguvu, na mara nyingi bado ana karo ya kulipa. Lakini foleni iliongezwa miaka mitano kwa siku moja, na aliyekuwa mkiani hakuulizwa.

Hapa ndipo napenda mpangilio wa rika wa Wamaasai, ambao kwetu tunaufanya picha ya watalii tu. Rika linalofuata moja kwa moja ndilo linalogombana na lililo mbele yake, kwa sababu linataka nafasi ile ile. Kwa hivyo anayewalea vijana hatoki kwenye rika hilo la mbele. Ni wazee wa olpiron, rika lililo hatua mbili juu, ambao hawana cha kunyang'anywa. Na kuna siku ya kuondoka: Eunoto inamtoa morani kwenye umorani, Olng'esherr inamthibitisha kuwa mzee. UNESCO iliziorodhesha sherehe hizo pamoja na Enkipaata mwaka 2018, kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Una maana gani huo mpangilio kwa ofisi? Kwamba meneja wa miaka 45 ndiye mtu mbaya zaidi wa kuulizwa kama kijana wa 24 ana bidii. Najisema mimi pia.

Najua kuna mtu anaandika: "Lakini kweli hawadumu." Sawa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo hadi ifike mwezi, anahesabiwa kama aliyeajiriwa kwa mkataba, na haki zake zinabadilika. Kwa hivyo waajiri wengine wanafanya nini? Wanamtuma nyumbani kabla siku haijafika.

Najua kwa sababu nilikuwa supavaiza mahali, sitapataja. Daftari la mahudhurio lilikuwa langu. Siku ya 26 nilikuwa napiga mstari mwekundu juu ya jina, na asubuhi inayofuata askari wa geti anamwambia kijana leo hakuna kazi. Wiki mbili baadaye wengine wanaitwa tena kama wapya. Na kwenye mkutano wa wasimamizi, nilisimama kwa mdomo wangu nikasema shida yetu kubwa ni vijana hawakai kazini. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwa naamini, hiyo ndiyo inayonisumbua.

Juni 2024 hao hao wasiodumu walijipanga nchi nzima, hata hapa Kitengela kwenye barabara ya Namanga, na Mswada wa Fedha ukaondolewa. Wazee kadhaa waliwashukuru hadharani. Haikuchukua muda, kwenye vikundi vya WhatsApp vya waajiri tukarudi kwenye hadithi ya uvivu.

Mwezi jana nilipanda boda pale stejini. Dereva akanitazama kwenye kioo, akacheka.

"Supa! Hunijui? Nilikuwa kwako pakingi, mara tatu."

Nikamuuliza kwa nini hakukaa. Akasema, "Si wewe ndio ulikuwa unajua siku ya kutoka."

Nilimpa mia mbili badala ya mia. Akanirudishia chenji.