Kanisa la Matofali la Blantyre

Mtu afikapo Blantyre, katika nchi ya Malawi iliyoitwa zamani Nyasaland, na kuliona Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, hudhani kwamba lilichorewa ramani na fundi aliyesomea kazi hiyo Ulaya. Sivyo. Kanisa hilo la Wapresbiteri lilijengwa tangu mwaka 1888 hata 1891, wakati Blantyre ilipokuwa mji mdogo uliokua kando ya misioni iliyoanzishwa mwaka 1876. Aliyelibuni ni Kasisi David Clement Scott wa Kanisa la Scotland, ambaye hakusomea ujenzi. Na mikono iliyolisimamisha ni ya wenyeji, ambao uashi wa namna ile ulikuwa kwao kazi ngeni.

Basi, liliwezekanaje? Kwa kujifunza katika kutenda. Matofali yalifanywa kwa udongo wa papo hapo, nayo yalikuwa ya maumbo 81 mbalimbali: ya pembe, ya duara, ya matao na ya mapambo. Yalipangwa kwanza makavu, ili waone kama umbo limekaa vema. Likiisha kupendeza, ndipo yalipoungwa. Hivyo kosa lilisahihishwa kabla halijawa ukuta.

Kuba lake lakumbusha makanisa ya Mashariki, na matao yake makanisa ya Ulaya ya kale. Minara miwili ya mbele haifanani, wala macho hayachukizwi nayo.

Twapaswa kukumbuka jambo la pili. Mwaka 1892, mwaka mmoja tu baada ya kanisa kumalizika, Scott huyo huyo alitoa kamusi kubwa ya lugha ya Kimang'anja. Kazi hizo mbili zina shina moja. Mtu aliyekubali kufundishwa maneno na wenyeji hakuona shida kuwaaminia mwiko na timazi. Baadaye, mwaka 1901, alihamia misioni ya Kikuyu katika Kenya, akafa huko mwaka 1907. Mahali pale paitwa Thogoto, ndilo neno "Scot" katika vinywa vya Wakikuyu.

Lakini watu wamezoea kusema, "Kanisa la Scott." Neno hilo ni nusu ya kweli. Mtu mmoja hawezi kufinyanga, kuchoma, kubeba na kupanga matofali yote yale. Kuta zenyewe zashuhudia ustadi wa wengi.

Kwa hiyo, ndugu walimu na makasisi, tuandikapo habari za makanisa yetu, tusiishie kwa jina la mmisionari na tarehe ya kuwekwa wakfu. Tuwaendee wazee, tuwaulize ni nani aliyechoma matofali, nani aliyepasua mbao, nani aliyeezeka. Tuandike majina yao kitabuni leo. Ukuta hudumu kupita mwashi, na mzee akizikwa, habari zake huzikwa pamoja naye.