Je, ngano inakudhuru? Zifahamu dalili

Kuna watu ambao kila walapo chapati, mandazi au mkate, tumbo hufura, hujaa gesi na hata kuendesha. Huenda kiini ni gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri.

Dalili nyingine haziko tumboni: uchovu usiokwisha, vidonda vya mdomoni, vipele viwashavyo viwikoni na magotini, na upungufu wa damu usiopona hata kwa tembe za madini ya chuma. Mtoto huweza kukonda au kudumaa.

Hata hivyo, baadhi ya dalili hizi hufanana na za minyoo na amiba. Muone daktari, wala usiache ngano kabla ya kupimwa. Katika maradhi ya siliaki, gluteni huchochea kinga ya mwili kushambulia utumbo mwembamba. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu aachapo gluteni. Aliyeiacha mapema huenda akaambiwa hana maradhi ilhali anayo.

Ikithibitishwa kuwa ni siliaki, tiba ni kujiepusha na gluteni maishani. Mahindi, wimbi, mtama, mchele na muhogo havina gluteni, mradi unga wake usichanganywe na wa ngano.