Sonona: tofauti za wanaume na wanawake katika kutafuta msaada

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), sonona huwapata wanawake takribani mara moja na nusu ya inavyowapata wanaume. Kwa vifo vya kujiua hali ni kinyume: wanaume duniani ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Sehemu ya fumbo hilo ni nani hufika kwa tabibu, na hufika lini.

Njia za kufikia tiba
Mwanamke hupita kliniki ya wajawazito, chanjo ya mtoto na uzazi wa mpango, na muuguzi makini anaweza kumgundua mapema. Mwanaume hana ratiba kama hiyo. Akifika, hulalamikia kichwa, mgongo au kuishiwa nguvu, akapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Wengine hukimbilia pombe, na jamaa huwaona walevi tu. Mwanaume ameambiwa "jikaze" tangu utotoni. Mwanamke naye huzuiwa na nauli, kazi za nyumbani na ruhusa ya mume.

Jaribio la Uganda
Ushahidi mzito wa Afrika Mashariki umetoka vijiji 30 vya Rakai na Masaka: 15 vilishirikisha wanaume, 15 wanawake. Katika baadhi ya vijiji hivyo watu wenye sonona walipewa tiba ya mazungumzo ya kikundi, na wengine hawakupewa. Makundi yalikutana kila wiki kwa dakika 90, wiki 16, yakiongozwa na mwenyeji wa jinsia ileile ambaye hakuwa daktari. Mazungumzo yalihusu misiba, ugomvi, upweke na mabadiliko ya maisha. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalishangaza: baada ya tiba, asilimia 6.5 tu ya waliohudhuria ndio waliobaki na vigezo vya sonona, dhidi ya 54.7 ya wasiopewa tiba hiyo. Mwaka 2016 WHO ilitoa mwongozo wa tiba hiyo ya kikundi. Hata hivyo StrongMinds, shirika lililoanzishwa mwaka 2013 na kuieneza Uganda, lilianza na wanawake, na uzoefu wa makundi ya wanaume ukabaki haba.

Benchi la Urafiki
Mpango huu wa ushauri ulianzishwa Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda. Washauri wake ni mabibi wa mtaani. Benchi ni la wote, lakini katika jaribio la vituo 24 lililochapishwa mwaka 2016, wanawake walikuwa asilimia 86 ya washiriki 573.

Sheria
Hofu ya sheria nayo inaweza kumzuia mtu kutafuta msaada. Nchini Kenya, jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha sheria kilicholifanya kosa, Januari 2025.