Viwango vya shule na mtoto anayeachwa langoni

Waamini wa parokia za katikati ya jiji, kuanzia Magogoni hadi Kariakoo, hutuuliza mara kwa mara: kati ya shule za Kanisa na za Serikali, zipi zina viwango bora? Kwa matokeo ya mitihani, jibu ni jepesi. Seminari zetu ndogo, na shule kama St. Francis ya wasichana kule Mbeya, zilisifiwa sana hadi Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023.

Orodha ile, hata hivyo, haikuonyesha aliyeachwa langoni. Shule zetu nyingi hupokea kwa usaili na ada. Anayetaka kuona upande wa pili na afike Uhuru Mchanganyiko, shule ya msingi ya Serikali iliyoko Ilala, jirani na Kariakoo. Humo wasioona, wenye ulemavu wa akili na viziwi wasioona husoma katika shule moja na watoto wengine. Kiziwi asiyeona hufundishwa kwa kuguswa: ishara hupokewa kiganjani, na mwalimu humhudumia mtoto mmoja au wawili tu kwa wakati mmoja. Kujifunza kula mwenyewe kwaweza kumchukua miezi. Ni wastani gani wa ufaulu utakaoipima kazi hiyo?

Hatusemi shule za Serikali zimekamilika. Madarasa yamefurika, vifaa vya nukta nundu ni ghali, na walimu waliosomea elimu maalumu hawatoshi. Lakini mtoto amepokelewa.

Na tukumbuke kwamba Kanisa ndilo lililotangulia. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963. Ya wasioona, Buigiri, ilikuwa imefunguliwa na ndugu zetu Waanglikana mwaka 1950. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la 1965, unazitaja shule za wenye mahitaji maalumu miongoni mwa zile zinazopaswa kutunzwa, na kuwataka wachungaji wawajali kwanza maskini. Ada inalipa mishahara, twajua. Lakini haitoi ruhusa ya kuusahau wito huo.

Mzazi aliyekataliwa kwa sababu ya ulemavu wa mwanawe anayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 upande wake. Iwapo shule iliyomkataa ni yetu, aje kwanza ofisi ya parokia.