Mzigo Uliobaki Assab

Ukitaja vita vya Ethiopia na Eritrea, watu hukumbuka Badme, mahandaki na maelfu ya vijana waliokufa. Sawa kabisa. Mimi leo nataka kuzungumzia makontena.

Eritrea ilipojitenga rasmi mwaka 1993, Ethiopia ilibaki bila hata kipande cha pwani. Wakati ule haikuonekana shida. Wakubwa wa pande zote mbili walikuwa maswahiba wa msituni, walioung'oa utawala wa Mengistu mwaka 1991, wakakubaliana Ethiopia itumie Assab na Massawa. Sehemu kubwa ya bidhaa zake ikawa inapita Assab. Nani angehofia mzigo ulio kwa ndugu?

Novemba 1997 Eritrea ikatoa sarafu yake, nakfa, na kitumbua kikaanza kuingia mchanga. Mei 1998 risasi zikalia Badme. Ethiopia ikahamia Jibuti, Assab ikapoa. Lakini vilivyokwisha kuteremshwa gatini vikabaki kule kule: mali ya serikali, ya makampuni na ya wafanyabiashara. Hebu fikiria wewe ndiye mwenye mali. Umelipa kila kitu, stakabadhi unazo mkononi, mzigo uko kwa adui. Utamtuma nani? Sisi tuliokulia Dar tumezoea kuona malori ya Zambia na Kongo yakipanga foleni, tunaijua bandari kwa jicho la mwenyeji tu. Jicho la mgeni hatuna.

Mkataba wa Algiers wa Desemba 2000 ulimaliza vita na kuunda Tume ya Madai. Ethiopia ikadai mali yake ya bandarini. Tarehe 19 Desemba 2005 dai hilo likatupwa. Na siku ile ile, tume ile ile ikatamka kwamba Eritrea ilivunja sheria ya kimataifa kwa mashambulizi ya Mei 1998. Yaani aliyeanzisha ugomvi kakutwa na hatia, mwenye mzigo katoka mikono mitupu!

Siwalaumu majaji. Sheria za vita humpa mpiganaji nafasi pana ya kuzuia mali ya adui iliyo nchini mwake, ingawa kuzuia si kumiliki. Kinachonikera ni ile amani ya kabla: njia nzima ya chakula na vipuri ilisimama juu ya urafiki wa wakubwa wachache.

Baada ya vita, zaidi ya asilimia 90 ya mizigo ya Ethiopia ikawa inapita Jibuti. Mlango mmoja tena, wa jirani mwingine.