Historia ya Gari la Baba na Swali la Uasili Wake



Katika mkutano wetu wa mwaka huu hapa Midrand, ajenda mojawapo inahusu gari la marehemu Baba, ambaye wengi wenu mnamwita Babu. Vijana wanapendekeza liwekewe injini mpya, lishushwe na livishwe rimu pana. Wazee wanataka lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani. Kabla ya kupiga kura, hatuna budi kuikumbuka historia yake.

Peugeot 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, kwa umbo lililobuniwa na Pininfarina wa Italia. Afrika Mashariki ilijipatia jina katika mashindano ya Safari: ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 yalimaliza magari saba tu. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka Tanzania. Si ajabu basi kwamba Baba, aliyekuwa mwalimu Morogoro, alinunua 404 iliyokwisha kutumika mwaka 1970, kwa akiba ya miaka minane.

Hata hivyo, gari tulilolijua sisi watoto halikuwa lile la kiwandani. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 spea ziliadimika sana. Kitasa cha mlango wa nyuma kilifuliwa na fundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Viti vilivikwa turubai. Juu ya paa iliungwa keria ya chuma, iliyobeba godoro na sanduku la kila mtoto aliyekwenda shule ya bweni.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nilipolileta gari Midrand mwaka 2007, niliiona keria ile kuwa aibu, nikaamuru ikatwe na kuuzwa kama chuma chakavu. Dada yetu mkubwa alipokuja kututembelea, alilizunguka gari kimya, akatazama paa, akauliza, "Keria iko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilidhani ninalirudishia gari uasili wake, kumbe nilikuwa ninamwondoa Baba.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaohusu uhifadhi wa majengo ya kale, unaagiza kwamba michango ya kila kipindi katika jengo iheshimiwe, wala lengo lisiwe kulifanya lote lifanane. Wahifadhi wa magari ya kale nao walifuata mkataba huo walipoandika wao wenyewe Mkataba wa Turin, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Uasili, kwa hiyo, hauishii siku gari linapotoka kiwandani.

Vijana nao wasidharauliwe. Katika nchi hii kubadili magari kuna heshima yake. Kati ya 1985 na 1987 BMW iliunda hapa Afrika Kusini magari ya 333i yapatayo 200, kwa kutia injini kubwa katika bodi ndogo ya E30. BMW za umbo hilo, ziitwazo gusheshe, ndizo zilizopendwa katika mchezo wa kuzungusha magari ulioanzia Soweto, ambao ulitambuliwa rasmi kuwa mchezo wa magari mwaka 2014. Lakini gusheshe zinapatikana sokoni. Gari la Babu yenu ni moja tu.

Napendekeza hivi. Breki, matairi na nyaya za umeme zitengenezwe upya, kwa sababu ya usalama. Injini ya asili ifufuliwe. Kitasa cha Gerezani na viti vya turubai visiguswe. Kila kitakachoondolewa kiandikwe na kuhifadhiwa. Na keria iundwe upya kwa kufuata picha ya mwaka 1982 iliyoko kwa Shangazi, ichongwe tarehe ya kuundwa kwake, ili mjukuu atakayeiona asidhani kwamba ndiyo ile ya kwanza.

Ile ya kwanza niliiuza mimi, kwa bei isiyotosha hata kununua godoro moja.

Wenu katika undugu.